Siku Simu Yangu Ilipomwambia Mama Mkwe Aweke Unga Chini

Jamani, kuna aibu ambayo mtu unaweza kuificha ukajifanya hukuwepo, na kuna aibu inayopita kwenye spika mbili kubwa mbele ya ukumbi mzima, kwa sauti yako mwenyewe, tena inarudiwa, na hiyo huna pa kuificha, kwa hiyo bora niisimulie mimi kabla Hashimu hajawasimulia kwa namna yake, maana Hashimu akifika mwisho huwa anaongeza kwamba nililia, na mimi sikulia (macho yalikuwa na moshi, mtaona ulikotoka).

Kwa asiyenijua, naitwa Gaspa, Mngoni wa hapa hapa Songea, na tuko watatu kwenye chumba tulichopanga Lizaboni, nyuma ya fundi baiskeli, tunatengeneza programu za simu zinazosoma bakodi, ile mistari myeusi inayokaa kwenye pakiti za bidhaa. Hashimu, mtoto wa Nalasi kule Tunduru, ndiye anayeandika programu yenyewe, mimi nahangaika na wateja na sauti, na Imelda ndiye mkaguzi, yaani anaijaribu kila kona halafu anaitoa kwa watu. Imelda ana sheria moja tu, kwamba kitu hakitoki mlangoni mpaka yeye amekigusa, na ameiandika kwa kalamu nene ukutani juu ya birika la chai ili hata ukienda kujimiminia uisome.

Programu yetu ya safari hii tuliiita Nisomee. Unaielekeza simu kwenye pakiti, nayo inakutajia kwa sauti ya mtu ni kitu gani, uzito wake na mwisho wa kutumika, kwa ajili ya wazee ambao macho hayaoni tena yale maandishi madogo kama sisimizi. Na kwa kuwa wazee wengine masikio nayo yamechoka, tukaifanya irudie rudie mpaka mtu aguse kioo. Wazo la kurudia lilikuwa langu, nilipigiwa hadi makofi ofisini, na ninalitaja hapa kwa uchungu.

Sasa pembeni ya kazi nilikuwa na jambo langu kubwa zaidi, nalo lilikuwa Skola. Skola ni mwalimu wa shule ya msingi kule Peramiho, tunapendana, na posa nilishaipeleka kupitia mshenga wangu, ila jibu halikuwa limerudi. Baba yake alishafariki, kwa hiyo jibu lilikuwa mikononi mwa watu wawili, mama yake na baba yake mkubwa, Mzee Mapunda, na kila nikimuuliza Skola ananijibu, "Mama bado anafikiria." Anafikiria nini? "Anafikiria tu, Gaspa." Basi mimi kichwani nikaamua kwamba mama wa watu haelewi kazi yangu, anaona mkwe mtarajiwa anashinda anachezea simu, na akiielewa kazi tu atakubali.

Niwaeleze na mama mwenyewe alivyo. Mama Skola ni mwalimu mstaafu, mnene wa heshima zake, anatembea polepole, na akikuangalia unakumbuka hesabu zote ulizokosa darasa la nne. Na kwetu mkwe hataniwi, hilo kila mtu anazaliwa analijua, kwa hiyo kila nilipokwenda kwake nilikaa ukingoni mwa kiti, shikamoo mama, ndiyo mama, hapana mama, nashukuru mama, nakula matonge mawili nasema nimeshiba (nikitoka hapo naenda kununua chipsi stendi), na macho yangu hayapandi juu ya mikono yake. Nilijiona mkwe wa kutolewa mfano kanisani.

Mama huyo huyo ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kinachotengeneza asali, siagi ya karanga, sabuni ya maji na unga wa lishe, wanapaki vizuri na bakodi zao juu. Nikamwomba kupitia Skola kikundi kikubali tuwaingizie bidhaa zao kwenye Nisomee, wakatupa sampuli, wakatualika Jumamosi twende tukawaonyeshe mbele ya wanachama wote na wageni. Nilifurahi nikakosa usingizi. Niliona kabisa Jumamosi ile naingia ukumbini fundi wa simu, natoka mkwe.

Hapa lazima niwape habari ya utani, bila hiyo hamtaelewa kitu. Wangoni na Wayao ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana, kwa hiyo mimi na Hashimu kutukanana ni chai ya asubuhi. Yeye ananiita mla panya, ananiletea mtego wa panya zawadi ya siku ya kuzaliwa, mimi namwambia mikorosho ya kwao inapaliliwa na mbuzi kwa sababu wenyewe wako kwenye ngoma. Hakuna anayekasirika, mtani akikasirika ndiye mwenye kosa. Sasa tunapotengeneza programu, kabla sauti safi za Imelda hazijarekodiwa, tunaweka sauti zetu za kushikia nafasi tu ili tuone kama inafanya kazi, na zamu ya bidhaa za kile kikundi ilikuwa yangu. Na Hashimu, kwa taarifa yenu, ni bonge la mtu, na wiki ile alikuwa ameuvamia ule unga wa lishe wa sampuli, kila asubuhi uji, kila saa nne uji, ukaisha. Siagi ya karanga akailamba. Asali akasema ana kifua. Ndipo mimi kwa hasira za njaa nikashika kinasa sauti nikamrekodia maneno yake, bidhaa kwa bidhaa, tukacheka mpaka fundi baiskeli akaja kuuliza kuna nini.

Imelda aliposikia hakucheka. Akarekodi zake safi, akamwambia Hashimu afute za kwangu, na Hashimu akajibu, "Insha'Allah." Mimi ninayemfahamu Hashimu nilipaswa kuuliza ile insha'Allah ni ya namna gani. Kumbe alizifuta kwenye toleo la kutolewa, lile lenye picha ya kijani, na kwenye simu yetu ya majaribio, yenye picha ya njano, akaziacha zilivyo kwa sababu zinamchekesha.

Ijumaa sasa. Toleo la kijani lilikuwa limekwama kule kwenye duka la programu, linakaguliwa na wenyewe, na Imelda alikuwa amekwenda Mbinga kwenye komunyo ya mpwa wake. Nikampigia. Akaniambia, "Gaspa, waombe akina mama tusogeze mbele wiki moja, mimi nirudi." Nikamjibu sawa. Nikakata simu, nikajisemea sawa gani, wiki moja mtu ananisubirisha kuoa? Hashimu alikuwa ameenda msikitini kwa swala ya Ijumaa, na simu ya majaribio hiyo hapo mezani inachajiwa. Nikaona njano na kijani si rangi tu, programu ni ile ile. Nikaihamishia kwenye simu yangu. Na msiseme sikujaribu, nilijaribu, nikachukua chupa ya maji ya dukani nikaiskani, ikasema kwa sauti ya Imelda tulivu kabisa, "Maji ya kunywa, nusu lita." Nikaridhika. Bidhaa za kikundi sikujaribu kwa sababu ofisini hazikuwepo tena, zilikuwa tumboni mwa Hashimu.

Jumamosi tukaondoka asubuhi na Hiace ya Peramiho mimi na Hashimu, nimevaa shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. Hashimu akaniuliza njiani, "Toleo limetoka?" Nikamwambia, "Usijali, liko hapa." Sikusema uongo, lilikuwa hapo kweli.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Akina mama wamevaa sare ya kitenge, mbele kuna meza yenye kitambaa cha maua, na juu yake bidhaa zimepangwa zimelazwa, bakodi zote zikitazama juu, kama nilivyoagiza mwenyewe ili zisomeke kirahisi. Wameazima spika za kwaya, na mimi kwa kujionyesha nikaiunganisha simu nazo bila waya, nikaelezea hapo kwamba hakuna waya, watu wakashangaa vizuri. Mzee Mapunda yuko kiti cha mbele na koti lake, Mama Skola pembeni yake, Skola nyuma na walimu wenzake, akanitupia tabasamu ambalo lilinifanya nizungumze kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Nikaskani maji yangu ya chupa. "Maji ya kunywa, nusu lita." Makofi. Bibi mmoja akasema, "Ee, inaongea kama mtu." Mzee Mapunda akatikisa kichwa kwa kukubali, na mimi nikaona jibu la posa linakuja linatembea.

Nikasema, "Sasa namwomba mama mwenyekiti ajaribu mwenyewe kwa bidhaa ya kikundi." Mama Skola akainuka, akaja polepole, nikampa simu kwa mikono miwili. Ni hapo Hashimu, aliyekuwa amekaa benchi la pembeni, alipoiona ile picha ya njano. Nikamwona anatoa macho, ananipungia mikono miwili, anajikata shingo kwa kidole. Mimi nikadhani ananisifia. Nikamwinulia dole gumba.

Mama akachukua pakiti ya unga kwa mkono wa kushoto, simu kulia, akaelekeza kama nilivyomfundisha. Simu ikalia kile kimlio cha kukubali. Halafu kwenye spika zote mbili, sauti yangu, mimi Gaspa, ikasema taratibu na kwa kutamka vizuri, "Unga wa lishe, kilo moja. Weka chini haraka, mwili huo haudai kitu."

Nikasikia kuku wanaparua nje. Na mama wa watu, mtu mwenye nidhamu ya kazi, akauweka unga chini.

Ikarudia. "Unga wa lishe, kilo moja. Weka chini haraka, mwili huo haudai kitu." Mama hakugusa kioo kwa sababu alikuwa ananitazama mimi, kwa hiyo ikarudia tena, ile huruma yetu kwa wazee wasiosikia vizuri, na sidhani kama kulikuwa na mzee ndani ya ukumbi ule ambaye bado alikuwa hajasikia.

Mtu mwenye akili hapo angezima simu akapiga magoti. Mimi nikasema, "Samahani sana, hiyo ni hitilafu ndogo ya unga." Hitilafu ya unga, mimi mtu mzima. Nikaichukua simu mkononi mwa mama, na kwa haraka ya kufuta lile neno nikaona dawa ni kuwaonyesha bidhaa nyingine inayosema vizuri, nikamgeukia Mzee Mapunda, nikamwambia, "Baba, jaribu wewe, hii haina shida," nikampa simu na chupa ya sabuni. Hashimu nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Ya Rabi, siyo sabuni."

Mzee akaelekeza. Kimlio. "Sabuni ya maji, lita moja. Hatimaye. Majirani wote wanamshukuru Mungu."

Nilimwona kwa macho yangu Mzee Mapunda, mtu wa kuheshimika, mshauri wa ukoo, akiinua kola ya koti lake akalinusa. Kidogo tu. Halafu akashtuka kwamba watu wanamwona akashusha mkono.

Nikamnyang'anya simu baba wa watu. Nikabonyeza kitufe cha pembeni niizime, nikabonyeza cha sauti, ikaongezeka. Sasa mimi nimeishika namna hiyo, nimeinama juu ya meza nahangaika na vitufe, na kamera yake iko wazi inatazama chini, na chini ni bakodi zilizolazwa safu kwa safu kama nilivyoagiza. Kimlio. "Siagi ya karanga, gramu mia nne. Ukimaliza kulamba, rudisha kijiko cha watu." Nikaruka upande wa pili. Kimlio. "Asali mbichi. Hata hii haiwezi kuutia utamu huo mdomo." Kila nilikosogea nilikutana na bidhaa nyingine, na kila bidhaa ilikuwa na neno lake, na maneno yote nilikuwa nayajua kabla hayajasemwa, hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Mwishowe nikaichomeka simu mfukoni ikiwa bado inaongea, nikatoka mlango wa nyuma mbio, na nikiwa nje nikasikia spika kule ndani zinaendelea kumwambia mtu kuhusu mdomo wake, mpaka nilipofika mbali kidogo zikanyamaza.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na jiko la muda la kuni, akina mama watatu wanapika chakula cha wageni. Nikaizima simu, nikakaa pale kwenye kigogo, kwenye moshi, kwa sababu kurudi siwezi na kuondoka siwezi, begi langu liko ndani, Hashimu yuko ndani, na Skola yuko ndani. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikajihesabia kwamba basi, posa imekufa leo, na nimeiua mimi mwenyewe kwa ulimi wangu, na Skola nitamwambia nini, mtu ambaye ameniamini akanipeleka kwao? Mama mmoja alinitazama, akaona kijana mwenye shati jeupe ameshika kichwa, akanisogezea beseni na kisu. "Kama umekuja kukaa, menya viazi."

Nikamenya. Nilimenya viazi kwa moyo wote, na moshi ukaniingia machoni, na hiyo ndiyo habari ya machozi, Hashimu aseme atakavyo.

Nikiwa pale nikasikia ukumbi mzima umelipuka kicheko, kicheko kirefu, kikatulia, kikaanza tena. Nikajua wananicheka. Baadaye ndipo nilipoambiwa kilichotokea. Hashimu alikuwa amesimama mbele yao, akawaamkia shikamoo wote, akasema, "Mama zangu, mimi ni Myao wa Nalasi, yule kijana ni Mngoni, ni mtani wangu. Yale maneno hakuna hata moja lililokuwa lenu. Mtu anayeambiwa mwili wake haudai kitu ni mimi," akajipigapiga tumbo, "na unga wenu ule wa sampuli mnaosikia, niliumaliza mimi, na kijiko mpaka leo sijarudisha." Bibi mmoja akamuuliza na sabuni je, ni ya nani. Hashimu akajibu, "Nayo ni yangu, mama, Wangoni wanafiki, wao wenyewe wanaoga sikukuu."

Lakini mimi huko nje sikuyajua hayo. Nilichokiona ni kitenge cha sare kinakuja polepole kwenye moshi, nikainua kichwa, ni Mama Skola. Wale wapishi wakakumbuka ghafla wana kazi upande mwingine. Nikasimama na kisu mkononi, nikaona kisu hakifai, nikakiweka, nikapiga magoti kwenye maganda.

"Mama, naomba radhi."

"Inuka, unachafua suruali." Nikainuka. Akanitazama. "Ile sauti ni yako?"

"Ndiyo, mama."

"Yale maneno uliyatunga wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo mama, ndiyo mama." Akavuta kigogo kingine akakaa, akajipepea moshi. "Sasa nyumbani kwangu ukija, hiyo sauti huwa unaiacha wapi?"

Sikuelewa. 

"Nakuuliza wewe, Gaspa. Umekuja kwangu mara ngapi? Unakaa ukingoni mwa kiti kama unasubiri kuitwa na polisi. Nikikuuliza habari za kazi, nzuri mama. Nikikuuliza kwenu hawajambo, hawajambo mama. Hucheki, huli, huniangalii. Mimi nimefundisha watoto miaka yote, mtoto mkimya namna hiyo ama anaogopa ama kuna kitu ameficha, na mtu mzima mkimya namna hiyo ndiye simtaki kabisa karibu na mwanangu. Skola anachekacheka, atakaa na gogo mpaka uzee?" Akaangalia viazi. "Jana nimemwambia shemeji yangu, jibu lirudi hapana. Alikuwa amtume mtu kwa mshenga wako kesho baada ya misa."

Ndugu zangu, hebu fikirieni. Siku zote zile najikalia ukingoni, nakula matonge mawili, najiona mkwe wa mfano, kumbe kila tonge nililoliacha lilikuwa linanifukuza. Na kazi ya simu hakuwa hata na shida nayo, alikuwa ameshaielewa zamani, binti yake alimweleza.

"Kwa hiyo," akasema, na uso wake haukubadilika hata kidogo, "mwili wangu haudai kitu."

Nikafungua mdomo niseme hapana mama, nikaona hapana, hapo ndipo pabaya. Nikamwambia ukweli. "Mama, ule unga Hashimu aliumaliza wote kwa uji, hakutubakizia hata kikombe. Nilikuwa na njaa na hasira. Kama angeacha hata pakiti moja ningeijaribu jana, na leo haya yasingetokea. Kwa hiyo kosa ni la uji wenu, ni mtamu kupita kiasi."

Akanitazama. Halafu mabega yakaanza kutikisika, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge, akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikaanza kucheka kwa woga, halafu kwa kweli, tukawa tunacheka wote wawili kwenye moshi na viazi vyetu. Alipotulia akajifuta macho. "Shemeji yangu alijinusa," akasema. "Ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

Akaanza upya kucheka. Jamani, nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi mgongoni. Nilikaa kwenye kile kigogo, safari hii sio ukingoni, nikaendelea kumenya viazi huku naongea, nikamweleza habari za ofisini, za Imelda na ukuta wake, za mtego wa panya, na chakula kilipoiva nikala sahani mbili mbele yake bila kuona haya. Skola alikuja akatukuta hivyo, akasimama, akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akanifinya mkono kwa nguvu sana. Ule mfinyo nilielewa ulikuwa na mambo mawili ndani yake, hasira na furaha.

Kuhusu programu, kikundi kilikubali, kwa sharti kwamba sauti iwe ya yule dada. Wapo bibi wawili watatu walioninong'oneza kama wangeweza kubaki na ile nyingine. Nikawaambia imeharibika.

Jumatatu Imelda akarudi kutoka Mbinga. Hashimu alikuwa ameshamsimulia kila kitu kwa simu, na kulia kwangu kumo. Hakunigombeza. Akachukua simu ya majaribio, akaiweka kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, ufunguo akautia kwenye pochi yake. Akaniambia tu, "Siku ukitaka kuoa tena, uniombe ruhusa kwanza."

Na siku hiyo hiyo jioni mshenga wangu akapiga hodi. Nilikuwa najua, lakini nilipomwona mlangoni nilimkaribisha mara mbili. Akakaa, akaomba maji, akanywa taratibu kama wanavyofanya wazee wakiwa na habari nzuri wanayotaka uisubiri. Halafu akasema wamekubali. Ila kuna faini ya mdomo, mbuzi mmoja, na Mzee Mapunda amesisitiza mbuzi huyo apelekwe na mimi mwenyewe kwa miguu kutoka barabarani, watu wanione. Nikamwambia mshenga hata wawili nitapeleka. Akaniambia, "Punguza mdomo, ndio uliokuponza." Nikamjibu hapana mzee, safari hii ndio ulioniokoa.

Tumeoana. Imelda ndiye anayekagua kila kitu kinachotoka mlangoni, mimi hata ujumbe wa simu wa maana namwonyesha kwanza. Na nimeapa mambo mawili. La kwanza, toleo la majaribio halitatoka tena Lizaboni, hata likinipigia magoti. La pili ni kwamba mtu ninayetaka anipokee, nitamwonyesha mapema mimi ni nani, kwa mdomo wangu mwenyewe, tumekaa wawili tunakunywa chai. Maana nilibakiza siku moja tu nikataliwe na mama ambaye angenipenda, na kosa langu ni kwamba nilikuwa sijawahi kumruhusu anijue.